Mashua Kuukuu Haianzii kwenye Motere

Lubumbashi ni mji wa shaba. Hauna bandari, na mto mdogo uliouachia jina haubebi chombo cha maana. Hata hivyo mvuvi wa Kasenga, wa Kilwa au wa Pweto anapohitaji tole (bamba la chuma), rezini, plagi, misumari iliyopakwa zinki au fundi wa kuchomelea anayeijua kazi yake, safari yake huishia huku. Mashua za alumini na za faiba zilizokwishatumika kusini mwa Afrika nazo huingia nchini kwa barabara, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kabla ya kupelekwa kwenye maji: Luapula na ziwa Moero upande wa kaskazini-mashariki, au Lufira na ziwa Tshangalele upande wa Likasi.

Mbele ya chombo cha namna hiyo, swali la kwanza la mnunuzi huwa lilelile: motere ina farasi wangapi? Ni swali la haki. Motere inaonekana, ina jina, ina sauti, na ikiharibika unaweza kuiuza vipandevipande. Ubao uliooza chini ya maji hauna hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo sababu fedha nyingi za kufufua mashua ndogo za Haut-Katanga humalizikia nyuma ya chombo, huku mbavu zikiachiwa kopo la rangi. Makala haya yanatetea mpango ulio kinyume: mwili wa chombo kwanza, kisha kuelea kwake kikijaa maji, kisha barafu, na motere iwe ya mwisho.

Funzo la Kasenga

Wanaoona mpango huo ni wa woga waitazame historia ya Kasenga, mji ulio kama kilomita 200 kutoka Lubumbashi, kwenye ukingo wa Luapula unaotazamana na Zambia. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, ilianza mwaka 1910. Migodi ilivuta maelfu ya wafanyakazi, na wafanyakazi walihitaji kitoweo cha kulia bukari. Walioiona nafasi hiyo mapema ni Wagiriki waliohamia Kasenga. Walijenga mashua kubwa, wakateremka nazo hadi Moero, wakanunua samaki kutoka kwa wavuvi wa pande zote mbili za mto, wakawapakia samaki hao kwenye barafu na kuwapeleka mjini kwa malori.

Mashua za injini zilikuwa na faida yake, lakini ushindi wa Wagiriki hao ulitokana na kitu kingine. Samaki mbichi hawezi kusubiri katika joto la Luapula. Aliyekuwa na chombo kisichovuja na barafu isiyoyeyuka kabla ya wakati aliweza kuwafikisha Elisabethville samaki wanaolika, na yule aliyekuwa na kasi peke yake aliwafikisha wakiwa wamelainika.

Historia hiyohiyo ina onyo. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mvua zinapoanza, alitegewa nyavu njiani mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wake ulikuwa umeanguka. Mashua bora zaidi hazikumrudisha. Leo kitoweo cha wengi kutoka Moero ni kisense, dagaa mdogo anayevuliwa usiku kwa taa na kukaushwa juani, pamoja na perege anayeitwa 'pale'. Kwenye masoko ya Lubumbashi wote wawili hushindana na tomson, samaki wa baharini anayefika akiwa amegandishwa. Anayefufua mashua leo ajue kwamba anaingia kwenye maji yenye samaki wachache kuliko wa babu yake. Faida yake itatokana na hasara atakayoizuia, maana wingi wa zamani haupo.

Kuukagua mwili

Ukaguzi hauhitaji chombo cha kisasa. Unahitaji bisibisi, nyundo ndogo na subira. Kwa mashua ya mbao, chomeka bisibisi mahali maji ya mvua yanapotuama: mataruma yanapokutana na mkuku, chini ya viti, na kwenye ubao wa nyuma unaobeba motere. Mbao nzima huikataa ncha. Mbao iliyooza huipokea, na ukiigonga hutoa sauti ya kufa badala ya kuitika. Rangi mpya ikufanye ukague zaidi, kwa sababu rangi ndiyo njia rahisi kuliko zote za kuficha ubovu.

Baada ya hapo kigeuze kipimo. Badala ya kukiingiza chombo majini, yaingize maji chomboni. Kiweke juu ya magogo yaliyosambaa vizuri, ukaushe chini yake, umimine maji kiasi cha sentimita 10, kisha uzunguke na chaki. Mahali panapotoa tone ndipo patakapoingiza tone. Usijaze zaidi ya hapo: meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, na mashua iliyojengwa kusukumwa na maji kutoka nje haikujengwa kuyabeba ndani ikiwa nchi kavu.

Ubao mbovu hutolewa wote. Kipande hakishindiliwi juu yake. Mbao inayofaa ni mninga, ambao Katanga huitwa mulombwa, kwa kuwa hausinyai wala kuvimba sana unapokauka na kulowa. Mkalitusi ni wa bei nafuu lakini hujipinda na kupasuka. Mukula, ule mti mwekundu ulioandamwa sana misituni mwa Haut-Katanga kwa ajili ya soko la China, haufai kutafutwa kwa kazi ambayo mti mwingine unaiweza. Baada ya mbao huja kalafati: nyuzi za pamba zinasukumwa katika maungio kwa patasi butu, kisha lami iliyoyeyushwa kwenye jiko la makaa inafunika. Pamba isishindiliwe kupita kiasi. Mbao zikilowa zitavimba, na pamba iliyobanwa mno itazisukuma zing'oke kwenye misumari.

Wengi siku hizi huruka hatua zote hizo na kuuvisha mtumbwi wa zamani koti la faiba. Koti hilo hupendeza kwa msimu mmoja. Rezini haishiki kwenye mbao yenye unyevu au mafuta, na mbao inayotanuka na kusinyaa ndani ya ganda gumu hulibandua. Maji yakishapenya katikati hayatoki tena, na mbao huoza bila kuonekana. Faiba inafaa kurekebisha chombo kilichojengwa kwa faiba, au mbao iliyokaushwa kabisa na kufunikwa pande zote.

Mji wa shaba na mashua ya alumini

Hapa Lubumbashi ina hatari yake yenyewe. Kipande cha shaba hakikosekani katika karakana: waya, bomba, kipande cha bati. Fundi mwema anayetaka kukusaidia anaweza kufunga riveti iliyolegea kwa waya wa shaba, au kuweka kiraka cha shaba chini ya mashua ya alumini. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji, umeme mdogo hupita kati yake na alumini huliwa. Tundu dogo linaweza kuwa tundu kubwa kabla mwaka haujaisha. Hata rangi za kuzuia uchafu wa majini zenye shaba ndani yake hazifai kwa alumini.

Kwa wanaokwenda Tshangalele jambo hili lina uzito zaidi. Ziwa hilo si la asili. Lilitokana na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa kwenye mto Lufira ili kuzalisha umeme wa migodi na kuanza kazi mwaka 1930. Uchafu wa viwanda vya Likasi umekuwa ukiingia katika maji yanayolilisha, na watafiti wamepima shaba na kobalti kwenye tope lake na katika miili ya samaki wake. Shaba iliyoyeyuka majini nayo huweza kuitoboa alumini vitundu. Mwenye mashua ya alumini huko aioshe kwa maji safi, asiiache majini wiki hadi wiki, na apake rangi ya msingi inayofaa alumini.

Kwa chombo cha mbao hesabu inageuka. Misumari ya shaba ni bora kuliko ya chuma kwa sababu haishiki kutu wala haichomi mbao inayoizunguka. Jeshi la majini la Uingereza liliifahamu shaba mapema: mwaka 1761 liliivisha meli ya HMS Alarm bati la shaba ili kuikinga na minyoo ya baharini inayotoboa mbao. Kwenye maji baridi ya Katanga minyoo hiyo haipo, hivyo bati halihitajiki. Msumari ndio wenye faida. Inashangaza kwamba katika nchi inayochimba shaba kwa malori, mashua za wavuvi hushikiliwa na chuma kinachooza.

Mashua za tole ni habari nyingine, na hapa mafundi wa Lubumbashi wana sifa. Miaka mingi ya Gécamines na ya karakana za migodi imewafundisha vijana wengi kuchomelea. Tatizo la tole ni kwamba huliwa na kutu kuanzia ndani, kwenye maji yaliyotuama chini ya sakafu asiyoifungua mtu. Fungua sakafu, kwangua, gonga kwa nyundo, na mahali panapobonyea pakatwe hadi chuma kizima. Tenki la mafuta liondolewe kabisa kabla ya cheche ya kwanza, hata kama linasemekana ni tupu: mvuke wa petroli unaobaki ndani ndio unaolipuka. Kuchomelea alumini kunataka gesi ya agoni na mashine yake, na fundi wa chuma asiye na vifaa hivyo atakutobolea chombo akidhani anakiziba. Kwa mashua iliyoungwa kwa riveti, ni afadhali ubadilishe riveti za alumini moja moja na kuziba kwa gundi ya majini.

Wakati wenyewe unapingana na kazi

Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi wa Moero na Luapula kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Upande wa Kongo nako, wakuu wa jimbo hutangaza kipindi chao cha kufunga. Miezi hiyo mvuvi ana nafasi, na mashua iko nchi kavu. Ungedhani ndio wakati wa kukarabati.

Lakini miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa. Mbao haikauki, lami haishiki, rangi hutoka malengelenge, na rezini hugoma kukaza katika unyevu. Kiangazi, kuanzia Mei, hukausha mbao vizuri, ila ndipo uvuvi unapoendelea na upepo wa kusini-mashariki unapovuruga Moero. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 131 hivi, na kina chake cha wastani hakifiki meta 8. Maji mapana yasiyo na kina hujenga mawimbi mafupi yaliyosimama wima, na hayo ndiyo yanayovunja mashua dhaifu.

Mafundi wenye busara huigawa kazi. Wakati wa kufungwa, chombo huwekwa chini ya paa, kikakaguliwa, kikavuliwa vilivyooza, mbao mpya zikachongwa na kupachikwa, na motere ikafunguliwa. Kalafati, lami na rangi husubiri wiki mbili tatu za jua baada ya mvua kukoma, kabla pepo hazijapamba moto. Chombo kikirudi majini huachwa kilowe siku kadhaa karibu na ufuko, maungio yavimbe, kabla ya kukabidhiwa mzigo. Mwenye haraka anayekitoa juani asubuhi na kukipakia jioni ataona maji sakafuni na kumlaumu fundi bure.

Sasa motere

Motere hupoteza nguvu kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa inapungua uzito. Kanuni ya kawaida ni asilimia 3 kwa kila meta 300. Moero iko kama meta 920, kwa hiyo karibu asilimia 9 ya nguvu haipo. Motere ya farasi 15 inafanya kazi kama ya farasi 13 na nusu. Kuna wanaokimbilia kununua ya farasi 25 ili kufidia, kumbe mara nyingi tiba ni propela yenye mapanga ya pembe ndogo zaidi, itakayoiruhusu injini ifike mzunguko wake. Propela ni rahisi kuliko injini, na haitikisi ubao wa nyuma.

Ubao huo wa nyuma ndio kiungo kinachosahaulika. Motere ya farasi 15 ina uzito wa karibu kilo 40, na ikiwa kazini inausukuma ubao kwa nguvu inayozidi uzito wake kwa mbali. Ubao uliounganishwa kwa triplex ya kawaida ya kujengea kabati utaachana matabaka. Tumia mbao ngumu au triplex ya majini, uifunge kwa boliti zinazopita hadi upande wa pili, na uweke vipande vya pembe vinavyoiunganisha na mbavu. Angalia pia urefu: motere fupi inataka ubao wa sentimita 38, ndefu inataka sentimita 51. Bamba lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya mashua au chini yake kidogo. Likiwa juu mno propela itameza hewa, likiwa chini mno utachoma petroli kwa kuburuta maji.

Katika motere za mipigo miwili kama Yamaha Enduro, ambazo fundi yeyote kando ya ziwa amewahi kuzifungua, mambo matatu huzuia vifo vingi vya mapema. La kwanza ni mchanganyiko wa mafuta: kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili ya mipigo miwili, na kipimo hicho kitolewe kwa chupa yenye alama. La pili ni kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji, kinachokufa mashua ikiendeshwa kwenye tope la Luapula. Kibadilishe kabla hujaona mvuke. La tatu ni chujio la petroli, kwa kuwa petroli ya bidon za njiani mara nyingi ina maji.

Kuelea chombo kikijaa maji

Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ndogo ya MV Merdi, iliyokuwa ikitoka Minova, ilipinduka na kuzama katika ziwa Kivu ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Watu wengi walikufa wakiwa wanaiona nchi kavu. Msiba huo uliitikisa Kongo nzima, lakini visa vidogo vya mitumbwi ya wavuvi havifiki kwenye redio.

Marekebisho yanayookoa watu ni ya bei ya chini kabisa katika kazi yote. Bidon ya lita 20 iliyofungwa kabisa huinua karibu kilo 19 majini. Bidon nane huinua zaidi ya kilo 150. Zifungwe juu, pembeni mwa chombo chini ya viti, zisilazwe sakafuni. Zikiwa chini, mashua iliyojaa maji hupinduka. Zikiwa pembeni juu, hubaki wima na watu hushikilia. Usitumie povu jeupe la kufungia frigo na televisheni bila kulifunika, kwani petroli huliyeyusha. Kisha weka mstari wa rangi ubavuni kuonyesha mwisho wa mzigo. Waingereza walilazimishwa kufanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini na meli zilizojazwa kupita kiasi. Haut-Katanga haihitaji kusubiri bunge. Brashi moja inatosha.

Anayewinda na anayevua

Kwenye vinamasi vya Lufira na kingo za Luapula, mashua ileile huvua samaki na kuwinda bata wa porini. Kwa kazi ya pili mahitaji hubadilika: sehemu ya chini iwe bapa ili ipite kwenye matete, rangi isiyong'aa, na pondo refu kwa sababu motere huwafukuza ndege na kuwaudhi viboko. Mtu anayepiga bunduki akiwa amesimama kwenye chombo chembamba ndiye anayekipindua. Kiti cha chini na sakafu isiyoteleza ni salama kuliko inchi chache za upana.

Kibali kitangulie. Sheria ya uwindaji namba 82-002 ya 28 Mei 1982 inataka leseni na kuheshimu misimu, na bonde la Lufira limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za baiyosfia tangu mwaka 1982. Karakana ikitengeneza mashua nzuri kwa ajili ya ujangili, imetengeneza hasara ya mteja wake.

Pesa ziende wapi

Mwenye kiasi kidogo agawe hivi. Sehemu kubwa iende kwenye mbao, tole au riveti, na kwenye ubao wa nyuma. Inayofuata iende kwenye bidon, makasia mawili na majaketi ya kuokolea, moja kwa kila mtu. Kisha sanduku la barafu: frigo iliyokufa, ikilazwa chali na mpira wa mlango ukabadilishwa, huhifadhi barafu muda wa kutosha kurudi kutoka nyavuni hadi kwenye lori. Mama wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, anayenunua kwa jumla hakuulizi umetumia farasi wangapi. Anafungua shavu la samaki, anatazama wekundu wake, na hapo hapo bei inajulikana.

Kinachobaki ndicho cha motere, na kama hakitoshi, kafi lipo. Kwa hiyo siku ya kununua, mwombe muuzaji aivue motere na kuiweka kando. Chombo kisukumwe majini kikiwa kitupu, ukae ndani yake saa nzima, uhame kutoka omo hadi tezi, uegemee ubavu mmoja na mwingine, kisha uinue sakafu utazame. Muuzaji akikataa, amekujibu. Akikubali na sakafu ikawa kavu, mnaweza kuanza kubishana kuhusu farasi.